Mwanangu Ndiye Musa

Jumamosi, 7 Machi

Mwanangu ndiye Musa! Watoto arobaini na tatu ukumbini, wengine wanasoma bila kufuata kwa kidole, na aliyechaguliwa ni wa kwangu, Tingatinga, mwenye miaka kumi na moja na mabega ya mpagazi. Aliyemchagua naye ni wa kwangu: binti yangu wa kwanza, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata baba yake. Kinamama wenzangu walinipongeza huku wameuma meno. Wayaume tu. Mimi nimezaa.

Haya, daftari, hujambo? Nisamehe, furaha imenitangulia. Mwalimu ndiye aliyekuleta. Aliniambia, "Mama, una maneno mengi, mengine yaweke humu wateja wako wapumue." Mimi ni fundi cherehani, nimeishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu uliwahi kubandikwa ukutani.

Jambo lenyewe ni hili. Padre amechoshwa na watoto wetu. Wale wa bondeni, ambao wazazi wao wanafanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi, wakiingia ukumbini, wa kwetu wanaziba pua na kuimba, "Wavundo! Wavundo!" Mwezi uliopita walimmwagia mmoja maji ya chooni. Padre akamwambia Mwalimu awafundishe kuacha kudharau watu, ila asiwahubirie, kwa sababu yeye anahubiri kila wiki na hawasikii. Ndipo Mwalimu akachagua maisha ya Mtakatifu Musa Mweusi, yule wa kale wa jangwani. Watoto watayaigiza mbele ya watu wote mvua zikiisha. Huyo Musa alikuwa mtumwa, akafukuzwa kwa wizi, akawa jambazi mwenye genge, halafu akatubu akawa mtawa, na watawa wenzake wakamdharau kwa rangi yake. Tena alikuwa jitu la miraba minne. Sasa miraba minne utaitafuta kwa nani kama si kwa Tingatinga?

Jumapili, 8 Machi

Mvua ya kwanza. Paa limevuja palepale.

Jumanne, 10 Machi

Nimeanza kupima kanzu za watawa. Watoto wa kwetu nimewapima mwenyewe, kifua, bega, urefu. Wa bondeni nimefanya kama ninavyofanya siku zote: nakata kamba, nawapitishia dirishani, wanakwenda kujipima kwao, wanafunga fundo, wananirudishia. Si ubaya. Harufu ile ikiingia kwenye kitambaa cha harusi ya mtu, nani atanilipa?

Wa mwisho alikuwa yule anayeitwa Kimya, mwembamba kama sindano, hasemi mpaka umsahau. Alipokea kamba kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mama." Mwalimu alikuwa mlangoni. Aliniangalia juu mpaka chini, akaenda zake.

Jumamosi, 14 Machi

Mazoezi ya kwanza! Nilikwenda nimevaa gauni langu la njano. Mwalimu ni mtu wa mpangilio, anaanza mwanzo, kwa hiyo leo walifanya ujambazi. Watoto hawajawahi kutulia vile. Genge la Musa linajificha, wasafiri wanapita, genge linawarukia, linawapora. Wasafiri walikuwa watoto wa bondeni. Tingatinga alinguruma mpaka bibi mmoja nyuma akadondosha miwani.

Aibu ilikuja kwenye rungu. Alikuwa na rungu la boksi, likalowa mvua njiani, akilinyanyua linainama kama ndizi. Watoto wakacheka. Mwanangu akanitazama macho yamejaa maji.

Nimemwambia baba yao, yeye ni seremala, amtengenezee la kweli.

"Mama Mwalimu, hilo ni igizo."

"Ndiyo, na mwanao ndiye Musa. Hatashika boksi kama muuza mayai."

Baba Mwalimu hanaga ubishi. Maneno yake yote ameyapigilia misumari.

Alhamisi, 19 Machi

Rungu limekwisha. Mti mgumu, limepigwa msasa, linang'aa. Tingatinga amelala nalo.

Jumamosi, 21 Machi

Ujambazi tena. Leo Musa amevuka mto kisu kikiwa mdomoni kwenda kumuua mchungaji, na alipomkosa akachinja kondoo wake. Mwalimu anasema lazima waone alikotoka ndipo waone alikofika. Watoto wanauliza Jumamosi ijayo atachinja nani.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua. Ukumbi umejaa maji. Hakuna mazoezi.

Jumamosi, 4 Aprili

Mvua. Hakuna. Watoto wanachezea ujambazi mtaani, na genge limefika kumi na wanane. Shemeji yangu, mdogo wake baba Mwalimu, mwenye bucha, amewapa mifupa mikubwa iwe silaha. Anasema, "Shemeji, huyu mwanao atakuja kuongoza jeshi." Kichwa kilinivimba, siwezi kukataa.

Jumatatu, 6 Aprili

Tingatinga alirudi saa kumi jioni shati likiwa na damu.

Nilimvua nikalifua. Naandika hivi hivi bila kujipaka mafuta: nililifua kwanza, nikauliza baadaye.

Alisema Kimya ameanguka darajani. Nikamwambia aliseme tena. Akasema Kimya alitaka kumwibia begi. Nikamwambia aliseme tena. Mara ya tatu alikaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, akajikunyata, akasema yote. Walikuwa genge. Walingoja watoto wa bondeni wapite darajani wakitoka shule. Wengine walikimbia, Kimya hakukimbia. Walimwambia, "Toa ulichonacho, Mvundo." Akajibu, "Sina kitu, na sasa zamu yenu kuwa wasafiri." Genge likacheka. Tingatinga aliona wanamcheka yeye. Akampiga rungu la mkono, mfupa ukalia kama kijiti. Akapiga la pili sikioni.

"Kwa nini la pili?"

"Mama, wenzangu walikuwa wanapiga makofi."

Nilimwambia asimwambie mtu, hata dada yake. Nikamkaangia mayai. Hakula.

Jumanne, 7 Aprili



Asubuhi baba Kimya alikuja. Sikuwahi kumwona karibu. Ni mtu mfupi, vidole vimeliwa na chokaa ile wanayotolea manyoya kwenye ngozi, kucha hazipo. Alisimama uani kwangu akiwa ameshika rungu, ameliokota darajani. Hakulinyanyua. Alilishika katikati kama mtu anayerudisha mwiko wa jirani.

"Hodi, mama. Hii ni kazi ya mkono wa seremala. Mwanangu yuko hospitali, mkono umevunjika pawili, sikio halisikii. Sikuja kwa vita. Nataka tu mtoto wako aje amwambie kwa nini."

Ningejibu. Nasema kweli ningejibu, maneno yalikuwa yamefika kooni. Lakini shemeji alikuwa anapita na vijana wake wawili wa bucha, akaona Mvundo uani kwa kaka yake na rungu mkononi.

"Wewe! Unampiga nani hapa?"

Hakumngoja aseme. Walimwangusha. Walimpiga mateke ya tumbo, ya mgongo, ya uso, na shemeji akachukua ubao wa kupigia pasi nguo zangu akampiga nao mpaka ukagawanyika. Baba Kimya hakupiga kelele. Alikuwa anasema, "Nimekuja kuuliza. Nimekuja kuuliza tu." Teke moja likampata mdomoni, jino likaruka likaangukia kwenye sanduku langu la vipande vya vitambaa. Majirani walijaa. Mtu akauliza, "Kafanya nini?" Mwingine akajibu, "Kavamia nyumba na rungu." Ikawa hivyo. Kwa muda wa kufumba jicho, ikawa hivyo.

Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika futi ya kupimia. Sikusema neno. Mimi, ambaye nasema hata usingizini.

Polisi walikuja wakambeba yeye. Rungu wakalichukua kuwa ushahidi.

Nimelitafuta lile jino nikalifunga kwenye kitambaa cheupe. Sijui nalifunga la nini.

Jumatano, 8 Aprili

Mchana wanaume wa kwetu walishuka bondeni. Mvua ilikuwa imekata kidogo, kana kwamba inawapisha. Kutoka dirishani niliona moshi mweusi. Wamechoma fremu za kuanikia ngozi, wamepindua mapipa, wametia moto nyumba tatu. Wa bondeni wakajibu kwa mawe na visu vya kuchunia. Kijana mmoja wa bucha kakatwa paja. Mzee mmoja wa kule ameungua miguu.

Mwalimu alikimbilia huko kabla sijamshika. Alirudi saa kumi na moja, paji la uso limepasuka, damu imemfunga jicho.

Nikapiga ukunga. "Wamekuua, mwanangu! Wavundo wamekuua!"

Akanishika kifundo cha mkono, akakaza.

"Jiwe limetoka upande wetu, mama. Nilisimama mbele ya mlango wa mama Kimya, nikapigwa na baba mdogo. Aliniona. Tulitazamana."

Nilimkanda jeraha kwa maji ya chumvi. Nilijisifu sana juu ya huyu mtoto, lakini leo niligundua nilikuwa nasifia cheti chake.

Ijumaa, 10 Aprili

Baba Mwalimu hajasema nami siku tatu. Anajua rungu ni lake. Amekaa karakanani, anapiga randa ubao uleule mpaka umebaki mwembamba kama karatasi.

Mwalimu amelia leo. Si kwa jeraha. Amegundua kosa lake. "Mama, nilianza mwanzo. Wiki mbili nimewafundisha ujambazi, mvua ikanikatiza kabla sijafika kwenye utakatifu. Nilichowafundisha wamekishika vizuri kabisa." Hajui kwamba rungu lililovunja mkono lilikuwa la ndugu yake. Anafikiri ni mtoto yeyote wa genge, na rungu limeokotwa.

Nilimwambia asijilaumu. Nikaendelea kushona kola.

Jumamosi, 11 Aprili

Padre amefunga ukumbi. Mwalimu amekusanya watoto saba barazani kwetu, kichwa kimefungwa bandeji, akawasimulia yaliyobaki kwa kwenda mbio, kama mtu anayezima moto.

Akawaambia jinsi wakubwa wa kanisa walivyomjaribu Musa, wakamfukuza kwa maneno: "Toka nje, wewe mweusi." Akatoka, hakurudisha hata tusi. Akawaambia jinsi majambazi wanne walivyomvamia, akawafunga wote, akawabeba mgongoni kama magunia mpaka kanisani, akauliza, "Nifanye nao nini? Mimi siruhusiwi tena kumuumiza mtu." Hapo watoto walicheka, na mimi.

Kisha akasema: kulikuwa na mtawa amekosa, wenzake wakaitana kumhukumu. Musa akachelewa. Alipofika, amebeba kapu mgongoni limejaa mchanga, na mchanga unamwagika njia nzima. Wakamuuliza nini hicho. Akasema, "Hizo ni dhambi zangu, zinamwagika nyuma yangu nisikoziona, na leo nimeitwa kumhukumu mwenzangu."

Tingatinga alikuwa nyuma ya mlango. Hajatoka nje tangu siku ile. Akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, alijuaje kama kapu linavuja?"

"Alilitoboa mwenyewe."

Mwisho akasimulia kifo chake. Wavamizi walikuja kuua watawa. Wenzake wakataka kupigana, Musa akakataa, akasema wanaotaka kukimbia wakimbie. Yeye akabaki, wakamuua kwa panga.

Hakuna mtoto aliyeuliza habari za kuchinja kondoo.

Jumatano, 15 Aprili

Mvua. Tingatinga amekojoa kitandani, siku ya nne mfululizo. Nimefua.

Jumamosi, 18 Aprili

Leo ndiyo leo, nami nitaandika mpaka kalamu iishe, japo naandika kwa mkono wa kushoto na herufi zinalewa.

Padre aliita mkutano ukumbini. Wa kwetu upande mmoja, wa bondeni upande mwingine, katikati mkuu wa kituo cha polisi na rungu mezani. Baba Kimya aliletwa na pingu, uso umevimba. Mkuu wa kituo akasema: mashahidi wakisema mtu huyu alivamia nyumba kwa silaha, anakwenda mahakamani Jumatatu, na gereza halimkosi. Mwenye nyumba yuko wapi?

Mwenye nyumba ni mimi. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno wiki nzima. Nilisema mtu huyu aliingia uani kwangu na rungu. Hiyo ni kweli. Nilisema niliogopa. Hiyo pia ni kweli. Nikasema kama si shemeji, leo mngekuwa mnanizika. Nikasema vizuri, sauti ikapanda ikashuka, watu wa kwetu wakapiga makofi, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahia yale makofi.

Tingatinga akasimama juu ya benchi.

"Mama anadanganya."

Nilimvuta nikamziba mdomo kwa kiganja. Nilimziba kwa nguvu, kama unavyoziba bomba lililopasuka. Nikamnong'oneza, "Nyamaza, nakuokoa." Aliniangalia. Halafu akaniuma. Aliniuma katikati ya kiganja, hakuachia, meno yakakutana ndani ya nyama yangu, nikahisi joto la damu linashuka mpaka kiwiko. Nilipomwachia, mdomo wake ulikuwa mwekundu, akapiga kelele mbele ya watu wote:

"Rungu ni langu! Baba alilichonga, mama aliagiza, mimi nilimvunja Kimya! Nilimpiga mara mbili! Baba yake alikuja kuuliza tu!"

Shemeji alikuwa wa kwanza kufika. Alimpiga mtoto kofi lililomtoa benchini. "Unatuuza kwa Wavundo?" Akanyanyua mguu amkanyage.

Na hapo baba Mwalimu, mtu ambaye sijawahi kumsikia akimfokea hata mbuzi, alivuka mabenchi mawili akampiga mdogo wake ngumi moja ya uso. Nilisikia pua inavunjika. Vijana wa bucha wakamrukia, wa bondeni nao wakainuka, benchi likaruka, kioo cha dirisha kikamwagika, Mwalimu jeraha likamfunguka tena. Mkuu wa kituo alipiga filimbi mpaka akakohoa.

Nikapanda mezani. Na uzito wangu huu, nikapanda mezani, nikanyoosha mkono damu inatiririka, nikasema, "Mtoto anasema kweli. Nilichosema mimi mwanzo kifuteni. Aliyeagiza rungu ni mimi, aliyefua shati ni mimi."

Safari hii hakupiga makofi mtu.

Baba Kimya walimfungua pingu palepale. Hakunitazama.

Jumatatu, 20 Aprili

Nyuzi nne kwenye kiganja. Daktari aliuliza ni mbwa gani. Nikasema si mbwa, ni Musa. Akaandika "mbwa".

Siwezi kushona. Wateja wa kwetu wamekuja kuchukua vitambaa vyao. Asubuhi nimekuta utumbo wa ng'ombe umepakwa mlangoni kwangu, na watoto walipita wameziba pua. "Wavundo!" Mimi! Ninayejipulizia marashi hata nikienda kuchota maji. Nilikaa kwenye ngazi nikacheka, kisha nikalia kicheko kilekile.

Shemeji ameitwa kituoni kwa kumpiga mtu na kuchoma nyumba. Anasema hana kaka.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimeshuka bondeni na Tingatinga. Nimeishi juu yake miaka ishirini, sikuwahi kushuka. Harufu ipo, sitasema haipo. Ilinipanda mpaka kichwani. Watu wanapika ndani yake, wananyonyesha ndani yake.

Mama Kimya alikuwa anapanga matofali kwenye nyumba iliyoungua. Nilianza, "Dada yangu, nimekuja..." Akanipiga kofi. Likalia. Akanipiga la pili upande wa pili. Sikuziba.

"La kwanza la mume wangu," akasema. "La pili la ile kamba. Ulimpa mwanangu kamba dirishani kama unamfunga mbuzi. Alifika hapa akaniuliza, mama, mimi nanuka? Nilimwogesha mara tatu ndipo nikampima."

Nilimpa kile kitambaa cheupe chenye jino. Alikifungua, akakifunga, akakitia kifuani. Hakusema asante, wala hapakuwa na sababu.

Tingatinga alisimama mbele ya Kimya. Kimya mkono uko kwenye plasta, sikio limefungwa pamba.

"Nilikupiga kwa sababu walicheka."

"Najua," Kimya akasema. "Nilikuwepo." "Igizo lipo bado?"

Mwalimu, aliyekuja nyuma yetu, akasema lipo, Padre akikubali.

"Basi mimi sitaki kuwa mtawa. Nataka kuwa yule anayemuua Musa."

Mama yake na mimi tulitazamana. Leo hiyo ndiyo mara pekee tuliyotazamana vizuri.

Jumatano, 29 Aprili

Padre amekubali. Amesema akifunga ukumbi watoto watabaki na nusu ile ya kwanza.

Jumamosi, 2 Mei

Mazoezi. Watoto kumi na mmoja, saba wa bondeni. Mwalimu ameanzia mwisho safari hii.

Tingatinga alipiga magoti. Kimya akaja na upanga wa boksi, akautazama, akautupa. Akampiga kwa ule mkono wa plasta. Uso. Damu ya pua ikatoka mara moja. Niliinuka. Mama Kimya, aliyekaa benchi la nyuma yangu, akanishika bega akanikalisha. Baba Mwalimu alishika kiti mpaka mbao zikalia.

Tingatinga mikono yake ilikuwa magotini. Vidole viling'ang'ania suruali, havikunyanyuka. Mwanangu yule, mabega yale, angeweza kumkunja yule mtoto kama kanzu. Hakunyanyua hata kidole. Nimejisifia mengi juu yake, uzito aliozaliwa nao, meno aliyoota mapema. Hili silisifii kwa sauti. Naliandika tu.

Mwalimu akamchukua Kimya pembeni. "Siku yenyewe utampiga hivyo?"

Kimya akautazama mkono wake wa plasta.

"Siku yenyewe nitajua."

"Nikuondoe?"

Tingatinga ndiye aliyejibu, pua imezibwa kwa kitambaa: "Usimwondoe, dada."

Jumatano, 6 Mei

Nyuzi zimetolewa. Nimempima Kimya kwa mkono wangu, bega, kifua, urefu, sebuleni. Alisimama wima kama mlingoti. Ananuka mtoto.

Jumapili, 10 Mei

Jua. Siku ya tatu bila mvua. Mama Kimya amekuja kukanyaga cherehani, mimi kiganja bado kigumu, naelekeza kitambaa tu. Hatuzungumzi sana. Amesema kanzu ya muuaji iwe nyekundu. Nimesema vizuri.

Plasta ya Kimya inatolewa Ijumaa, atakuja na mikono yote miwili. Nimemuuliza mama yake, "Atampiga?" Akasema, "Mwenzangu, mimi mwenyewe nimemuuliza. Hajui." Baba Kimya amesema atakaa mbele. Baba Mwalimu amesema atakaa karibu naye, wakikubaliana au wasikubaliane. Shemeji nimemtumia ujumbe kwa mkewe: pua yako imepona, kiti chako kipo, njoo uone.

Na wewe uliyepaka utumbo mlangoni kwangu, nakujua, njoo. Wa juu waje, wa bondeni waje, waliopiga makofi siku ile waje, mkuu wa kituo aje na filimbi yake. Sina hakika tutakachoona. Mwanangu atapiga magoti, hilo tu ndilo ninalolijua. Jumapili ijayo, tarehe kumi na saba Mei, saa tisa kamili alasiri, ukumbini kanisani.